Mihuri Thelathini ya Mwezi wa Machipuko

Ipo nchi moja, si hii yetu, Mungu apishe mbali, wala si ya jirani yetu yeyote anayeweza kununa, ambayo tangu zamani iliishi kwa misimu iliyojaliwa na Mwenyezi Mungu: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Watu wake hawakuwa na malalamiko. Mvua ikija walipanda, ikikoma walivuna, kama ilivyo kawaida ya watu ambao hawajaendelea.

Ikatokea Mlezi Mkuu wa nchi hiyo akaumwa jino. Kwa kuwa jino la Mlezi Mkuu haliwezi kushikwa na daktari aliyezoea meno ya kawaida, alisafiri ng'ambo majuma matatu. Huko akakuta miti imevaa maua toka shinani hadi kileleni, na watu wanatembea barabarani wakitabasamu bila kuamriwa. Akauliza ni nini kile. Akaambiwa ni majira ya machipuko. Akauliza tena, nchi yake ilikosa nini hata ikanyimwa majira hayo. Waziri aliyefuatana naye, ambaye alitamani kurudi nyumbani akiwa bado waziri, akajibu kwamba ile ilikuwa hujuma ya wakoloni.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Majira. Mwezi wa nne ukatangazwa kuwa Mwezi wa Machipuko. Sasa, mwezi wa nne katika nchi ile ndio kitovu cha masika. Vyura huingia jikoni na njia hugeuka mito. Wizara haikuipiga marufuku mvua, maana serikali yenyewe ni sikivu. Ilisema tu kwamba kuanzia tarehe moja hadi thelathini mvua haitambuliki kisheria. Atakayeonekana na mwavuli atahesabiwa kuwa anatilia shaka majira.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mama mmoja, Sikudhani binti Faraji, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Mumewe Kitwana alikuwa karani wa Wizara hiyo mpya, Idara ya Mahudhurio, mtu mpole, asiyekunywa wala kupiga kelele. Jioni akitoka kazini huvua viatu mlangoni, huuliza watoto wamekula nini, kisha huchemsha chai mwenyewe na kumletea mkewe kwenye cherehani. Wake za majirani walimwonea gere Sikudhani kwa sababu ya chai hiyo.

Walikuwa na watoto wawili. Shomari, wa miaka kumi na minne, sauti yake ilikuwa inavunjika na tumbo lake lilikuwa halina kitako. Dada yake Mwanakombo alikuwa na miaka kumi na saba, na alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni uuguzi. Alipokuwa na miaka kumi bibi yake aliugua kitandani miezi mitatu, na ni Mwanakombo aliyejifunza kumgeuza kila baada ya muda asitoke vidonda. Bibi alipokufa, mgongo wake ulikuwa safi. Tangu hapo msichana hakuuliza tena atakuwa nani.

Chuo cha Wauguzi kilikuwa kimoja, chenye nafasi arobaini. Zamani nafasi hizo zilitolewa kwa waliofaulu mtihani, utaratibu wa kizamani uliokuwa ukiwapendelea wenye akili. Mwaka ule Wizara ya Majira ikatangaza utaratibu wa haki zaidi. Vijana ndio machipukizi ya taifa. Kwa hiyo kila kaya yenye kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa itapewa Kadi ya Machipukizi yenye visanduku thelathini. Kila siku kutakuwa na shughuli, na kila shughuli ina muhuri wake. Kaya itakayotimiza mihuri thelathini, kijana wake mkubwa atachagua chuo anachokitaka.

Kitwana aliileta kadi hiyo nyumbani tarehe moja, akaiweka mezani.

"Mihuri thelathini," alisema. "Hakuna kukosa hata siku moja."

Sikudhani aliifunika cherehani kwa kanga. "Hatutakosa," alisema.

*

Siku ya kwanza ilikuwa ya uzinduzi. Mkurugenzi wa Idara ya Mahudhurio, Mheshimiwa Ngwali Mbaruku, alihutubia saa nne na nusu chini ya turubai, huku wananchi wakiwa nje ya turubai.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna wapinzani wanaosema kwamba hapa pananyesha. Nawauliza, nani amenyeshewa? Mimi nimesimama hapa tangu asubuhi, sijaona tone."

Wananchi walipiga makofi, maji yakaruka.

Siku ya tatu ilikuwa ya kupanda maua. Wizara ilikuwa imeagiza mizizi ya maua kutoka kule kule alikotibiwa jino Mlezi Mkuu. Ilipandwa asubuhi, na kufikia alasiri ilikuwa imeoza yote. Siku ya nne yakaletwa maua ya plastiki, wananchi wakaamriwa kuyapanda na kuyamwagilia. Mwanakombo aliinama katika mvua, ndoo mkononi, akimwagilia ua la plastiki lililokwisha zama ndani ya maji hadi shingoni. Mama yake alimwona akitaka kucheka.

"Usicheke, mwanangu," Sikudhani alimnong'oneza. "Msimamizi anatazama. Cheka kesho, kesho ni siku ya furaha."

Na kweli, kesho yake mkaguzi wa furaha alikuja nyumbani, akaketi sebuleni, akafungua daftari.

"Katika kaya hii mnacheka saa ngapi?" aliuliza.

"Baada ya chakula," alijibu Sikudhani.

"Na kama chakula hakipo?"

Shomari, ambaye swali hilo lilimgusa, aliguna kwa ile sauti yake ya nusu mtoto nusu fahali. Kicheko kikawaponyoka wote watatu, wakashindwa kujizuia. Mkaguzi akatazama saa, akaandika, akagonga muhuri.

Siku ya tisa kwaya ya machipukizi iliimba uwanjani. Katika ubeti wa pili sauti ya Shomari ilikatika, ikaangukia chini peke yake. Msimamizi aliandika kwenye kadi, *sauti ya upinzani*. Mama mtu alikwenda kumbembeleza saa nzima, akieleza kwamba ule ni ujana wala si siasa, hadi msimamizi akaongeza mbele yake, *amesamehewa kwa sababu ya umri*, akagonga muhuri.

Kila jioni Kitwana aliichukua kadi, akaisoma kwa makini, na asubuhi akaenda nayo ofisini kuyanakili yaliyoandikwa humo, yaingie katika rejista kuu. Jioni huirudisha. Alikuwa akimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba kwa kusimama majini. Alikuwa akileta beseni la maji ya moto na chumvi, akachuchumaa, akaikanda miguu hiyo mmoja mmoja.

"Pole, Mama Mwanakombo," alikuwa akisema. "Mwezi utakwisha."

Sare za shule alizokuwa ameahidi kuzishona zililala. Wateja watatu walikwenda kwa fundi mwingine. Sikudhani hakujali. Alikuwa akihesabu mihuri kama mwanamke anavyohesabu miezi ya mimba.

*

Siku ya ishirini Mwanakombo aliamka na homa. Kufikia jioni meno yalikuwa yanagongana. Kesho yake ilikuwa siku ya Matembezi ya Machipukizi, kilomita kumi na mbili kutoka uwanjani hadi Mnara wa Majira, na hapakuwa na kisanduku cha wagonjwa.

"Labda asiende," alisema Kitwana. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha msichana, hakuingia.

"Asiende, halafu?" aliuliza Sikudhani. "Mihuri ishirini ipotee hivi hivi?"

Kitwana akaenda kuchemsha chai.

"Nitakwenda, baba," Mwanakombo alisema kutoka ndani ya shuka. "Usihofu."

Walikwenda, mama na watoto wake wawili. Kilomita sita za kwanza msichana alitembea mwenyewe. Ya saba akatapika. Ya tisa magoti yakalegea, Shomari akamshika kwapa hili, mama kwapa lile. Kwenye ya kumi na moja Sikudhani alichutama kwenye tope, akamwambia mwanawe apande mgongoni, akambeba kama alivyombeba alipokuwa mchanga, miguu mirefu ya msichana ikiburura matopeni na Shomari akiisukuma kutoka nyuma. Kijasho cha homa kilimpenya mama hadi ngozini, kikawa cha moto kuliko mvua.

Mezani, chini ya mnara, msimamizi aliinua kalamu.

"Muhuri ni wa mwenye kufika kwa miguu yake," alisema.

"Sisi bado hatujafika," alijibu Sikudhani.

Alimtua mwanawe hatua tano kutoka kwenye meza. Mwanakombo alisimama, akayumba, akasimama tena. Akazitembea hatua zile tano moja moja, macho yameganda kwenye kile kitambaa cha kijani cha meza. Msimamizi, ambaye pengine naye alikuwa na watoto, aliandika kwa mkono wake, *ijapokuwa ana homa kali, amefika kwa miguu yake*. Akagonga muhuri kwa nguvu hata meza ikatikisika.

Jioni ile Kitwana aliisoma kadi, akairudia mara mbili. Sikudhani aliona macho yake yamelowa, akampenda zaidi kwa ajili hiyo.

*

Siku ya thelathini watu walijaa uwanjani. Sikudhani aliwavalisha watoto nguo alizowashonea kwa vipande vya sare zilizokosa wenyewe. Kitwana alikuwa jukwaani, safu ya pili, pamoja na watumishi wa Idara. Mkewe alimpungia mkono. Hakumwona, au labda jua lilimpiga machoni. Lakini jua halikuwapo.

Kwanza zilisomwa pongezi kwa Mlezi Mkuu, kurasa kumi na moja. Kisha msomaji akafungua bahasha.

"Kaya ya mfano katika mji mkuu," alisema, "kaya pekee iliyotimiza mihuri thelathini kwa thelathini, ni kaya ya Mheshimiwa Mkurugenzi Ngwali Mbaruku."

Makofi yalivuma. Sikudhani naye alipiga, kwa heshima, akidhani kwamba neno pekee ni la kumpamba Mkurugenzi tu, na kaya ya pili inafuata. Aliijua familia ile, kama mji mzima ulivyoijua. Mke wa Mkurugenzi na binti yake, Thuweba, walikuwa ng'ambo tangu tarehe moja, wakiyashuhudia machipuko penye asili yake. Walirejea juzi.

Thuweba alipanda jukwaani, ngozi yake inang'aa, hajapigwa na hata tone moja.

"Sikilizeni, wananchi, mapambano ya chipukizi huyu," msomaji aliendelea. "Siku ya ishirini na moja, nanukuu rejista, ijapokuwa ana homa kali, amefika kwa miguu yake."

Makofi yakavuma tena. Mikono ya Sikudhani ilibaki hewani.

"Na mdogo wake wa kiume, siku ya tisa, sauti ya upinzani, amesamehewa kwa sababu ya umri."

Mkurugenzi alikuwa na mtoto mmoja tu. Aligeuka, akatazama kushoto na kulia kumtafuta mwanawe huyo wa kiume, kisha akapata akili, akatabasamu na kumpungia mkono mtu asiyekuwapo. Wananchi nao wakampungia.

Mwanakombo alimshika mama yake mkono. "Mama," alisema taratibu, "si ni mimi huyo?"

Sikudhani alikuwa akitazama safu ya pili. Rejista ile ilikuwa na mwandishi mmoja tu.

Orodha ya pili ilikuwa ya kaya zilizotoroka majira. Ya nne katika orodha hiyo ilikuwa yao: mihuri sufuri, maana kinachohesabika ni rejista, si kadi. Adhabu yake ilikuwa kuurudia Mwezi wa Machipuko wote, peke yao, kuanzia kesho. Na mwisho kabisa ikatangazwa kwamba karani Kitwana, kwa umakini wake katika kuandika, amepandishwa cheo na kuwa Msaidizi wa Mkurugenzi, Malalamiko.

*

Kitwana alirudi nyumbani alasiri. Alivua viatu mlangoni. Safari hii hakuuliza watoto wamekula nini.

Sikudhani alikuwa ameketi mezani. Watoto walikuwa chumbani, mlango wazi, na kila neno linasikika. Hakuufunga mlango ule.

"Kaa," alimwambia.

Kitwana alikaa. "Mama Mwanakombo, niache nikueleze. Mtu kama Mkurugenzi haombi. Akisema naomba, huyo ameshaamuru. Aliniambia, mwandikie Thuweba. Ningekataa leo tungekuwa tunakula nini? Na ameniahidi, mwakani zamu ni yetu. Ameniahidi kwa mdomo wake."

"Alikuambia lini?"

"Unajua kazi za ofisini, mambo huja..."

"Nimeuliza lini, Baba Mwanakombo."

Kitwana alizungusha kidole juu ya meza. "Siku ya pili," alisema.

Sikudhani alizipitia siku zile moja moja. Siku ya nne, mwanawe na ndoo mvuani. Siku ya tisa, yeye anambembeleza msimamizi. Jioni zote zile za beseni na chumvi, na huyu bwana amechuchumaa mbele yake, anaikanda miguu aliyokwisha kuiuza. Uzito wa msichana mgongoni ulimrudia, akahisi mabega yanauma upya.

"Siku ya ishirini," alisema, "ulisimama pale mlangoni. Mtoto anatetemeka. Ulijua kwamba muhuri ule si wake."

"Nilisema asiende."

"Ulisema labda."

"Mama Mwanakombo..."

"Kwa nini ulituacha twende? Hilo tu nieleze. Ulikuwa umeshaamua kumpa yule. Si ungetuambia tukae nyumbani, tulale, mtoto apone?"

Kitwana alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Mngekaa nyumbani," alisema, "ningenakili nini?"

Mwanakombo alitoka chumbani, akapita katikati yao, akaenda uani. Shomari akamfuata.

Sikudhani hakulia wala hakutukana. Siku ile alijua kwamba kuna maumivu yasiyohitaji sauti. Aliinuka, akaifunua cherehani, akaanza kuipaka mafuta, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

*

Asubuhi alikwenda Wizarani pamoja na watoto wake. Hakuwa na tamaa kubwa ya kupata haki. Alitaka tu iandikwe mahali kwamba mambo yalikuwa vile. Kwenye lango akaelekezwa Idara ya Mahudhurio. Idara ikamwelekeza Malalamiko. Malalamiko lilikuwa dirisha moja, lenye foleni ya watu kama sitini. Alipanga foleni tangu saa mbili. Ilipofika zamu yake ilikuwa saa saba, na nyuma ya kioo, amevaa tai mpya, alikuwa ameketi Kitwana.

Walitazamana. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: *Mpokeaji ataandika neno kwa neno kama mlalamikaji atakavyosema.*

Kitwana alikohoa. Nyuma yake msimamizi alikuwa akipitapita. Akaivuta fomu.

"Jina la mlalamikaji," alisema kwa sauti ya ofisi.

"Sikudhani binti Faraji."

Akaandika.

"Uhusiano wako na chipukizi."

"Mama."

Akaandika.

"Malalamiko."

Sikudhani aliyasema yote, kuanzia ndoo na ua la plastiki hadi hatua tano za chini ya mnara. Alisema polepole ili mwandishi asipitwe. Watu wa foleni waliacha kuzungumza. Kitwana aliandika, mara mbili akapangusa paji la uso, na alipofika kwenye neno *rejista* kalamu ilikwama, akaitikisa, akaendelea.

"Jina la baba wa chipukizi," alisoma. Hakuinua macho.

Mwanakombo alikuwa kulia kwa Sikudhani, Shomari kushoto.

"Andika hayupo," alisema.

Kalamu ilisimama. "Sikudhani," Kitwana alisema kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani. "Watu wanasikia."

"Kanuni inasema neno kwa neno."

Kitwana alimtazama binti yake kupitia kioo, labda akitaraji. Mwanakombo alikutanisha macho naye, na hakuyaondoa.

"Hayupo, bwana," Mwanakombo alisema. "Mama kasema kweli."

Neno lile *bwana*, kutoka kinywani mwa mtoto aliyekuwa akimwita baba kwa miaka kumi na saba, lilimfanya apepese macho kama aliyemwagiwa maji. Msimamizi alisimama nyuma ya kiti chake kuuliza foleni imekwamia wapi. Kitwana akainama, akaandika. Akagonga muhuri.

Walipanda basi siku ile ile, na cherehani yao, kwenda kwa dada yake Sikudhani katika mji wa milimani ambao Wizara ilikuwa bado haijaufungulia tawi. Ilisemwa baadaye kwamba mwezi wao wa marudio ulifanyika bila wao, na kwamba walihudhuria vizuri. Thuweba alidumu chuoni majuma mawili. Alipoona damu kwa mara ya kwanza alizirai, akarudishwa ng'ambo. Nafasi yake ilibaki tupu, maana rejista ilionyesha kwamba imejaa.

Malalamiko yale kwa mujibu wa sheria yalitakiwa kuamuliwa ndani ya siku saba na mwenye dirisha. Akiyakubali, amekiri. Akiyakataa, itambidi athibitishe kwamba baba yupo, na shahidi wake ni nani? Jirani aliyewatembelea milimani alisimulia kwamba Kitwana kila Ijumaa huandika barua ya kujiomba aongezewe muda, na kila Jumatatu hujijibu kwamba ombi limekubaliwa.

Sikudhani alisikiliza habari hizo mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa na shuka za zahanati za kumaliza kabla ya jioni. Muuguzi mkunga wa zahanati ile, mama mmoja mkali asiyejua kadi wala mihuri, alikuwa amemtazama Mwanakombo akimgeuza mgonjwa kitandani, akamwuliza alijifunzia wapi, kisha akamwambia aje kesho saa kumi na mbili asubuhi, anawe mikono hadi kwenye viwiko.